Mwongozo Kamili wa Kuongoza Ibada ya Jumapili kwa Liturgia ya Kilutheri

Umepangiwa zamu ya kuongoza ibada Jumapili ijayo. Labda wewe ni mwinjilisti uliyemaliza chuo cha Biblia juzi tu, labda ni mwanafunzi wa theolojia uliyetumwa usharikani kwa mafunzo ya vitendo, au ni mzee wa kanisa ambaye mchungaji wake ana mitaa kadhaa na hawezi kufika yote siku moja. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako, nikizifikiria hasa sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT. Mlutheri wa Kenya naye atajikuta humu, maana mifupa ya ibada ni ile ile.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote: liturgia, yaani utaratibu wa maneno na nyimbo za ibada, ni mali ya usharika. Mama mzee anayekaa benchi la tatu, ambaye pengine hasomi vizuri, anayajua majibu yote kwa moyo. Ameyaimba tangu kipaimara, ameyaimba kwenye msiba wa mumewe, na atayaimba kitandani siku ambayo mengine yote yamemtoka. Ukifika wewe ukabadilisha maneno kwa sababu umesikia mtindo mpya mahali, umemnyang'anya sehemu yake ya ibada. Karibu kila ushauri unaofuata unatokana na hilo.

Fahamu kwanza unachokishika

Martin Luther hakuifuta misa. Mwaka 1523 alitoa utaratibu wa misa ya Kilatini uliosafishwa, na mwaka 1526 akatoa misa ya Kijerumani ili watu wa kawaida waelewe na waimbe. Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, katika kifungu cha 24, linasema wazi kwamba Walutheri wanashitakiwa bure kuwa wameiondoa misa. Kwa hiyo tunapoimba "Bwana utuhurumie" na "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" tunaendelea na ibada ya kanisa zima la kale.

Kwa nini basi ibada ya Bukoba haifanani kila kitu na ya Njombe? Kwa sababu wamisionari walitoka sehemu tofauti. Waliokuja Kilimanjaro walitumwa na misioni ya Leipzig ya Ujerumani, wa Nyanda za Juu Kusini walitumwa na ile ya Berlin, wa Usambara na Bukoba walitoka ile ya Bethel, na baadaye wakaja Waswidi, Wafini, Wadenmaki, Wanorwe na Wamarekani. Kila mmoja alileta utaratibu wa nyumbani kwake. Makanisa saba yaliyotokana na kazi hiyo yaliungana tarehe 19 Juni 1963 yakawa KKKT, lakini desturi ndogo ndogo zimebaki: mahali fulani imani hukiriwa kabla ya mahubiri na pengine baada yake, huku wanapiga magoti na kule wanasimama. Ukihamia dayosisi nyingine, kaa kwanza kwenye benchi uangalie wenyeji wanavyofanya, kisha ndipo ushike kitabu.

Mifupa ya ibada ni hii: tunakuja mbele za Mungu kwa toba, tunalisikia Neno, tunalishwa Mezani, tunabarikiwa na kutumwa. Ukiipoteza karatasi yako katikati ya ibada, mifupa hiyo itakuokoa.

Jumatatu: kalenda na masomo

Chukua kalenda ya kanisa. Kwa kila Siku ya Bwana utakuta jina la siku, wazo kuu au neno linalotuongoza, masomo, na rangi. Kwa kawaida masomo ni matatu, mara nyingi Zaburi, waraka au Agano la Kale, na Injili, na lile la kuhubiriwa huwekewa alama. Lihubiri hilo. Najua kishawishi cha kuacha somo la siku na kuchukua fungu unalolipenda. Kikizoeleka, usharika utasikia mafungu kumi yale yale mwaka mzima, yote yanayomfurahisha mhubiri, na hautasikia kamwe yale ambayo Mungu alitaka yamsumbue.

Hakikisha unajua uko wapi katika mwaka wa kanisa. Mwaka huo hauanzi Januari. Unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ya nne kabla ya Krismasi, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Majilio na Kwaresma vitambaa vya madhabahu na mimbari ni vya zambarau. Krismasi na Pasaka ni vyeupe, Pentekoste ni vyekundu, na kipindi kirefu baada ya Utatu ni cha kijani. Ijumaa Kuu ni vyeusi, au madhabahu huachwa tupu. Siku ya Matengenezo ya Kanisa, inayokumbuka tarehe 31 Oktoba 1517, hutumia nyekundu. Wakati wa Kwaresma, kwa desturi ya zamani, hatuimbi Utukufu, ule wimbo wa sifa unaofuata toba, wala Haleluya. Watu wanaufunga mdomo wa shangwe kwa majuma sita, na ndiyo maana asubuhi ya Pasaka Haleluya hutoka kwa nguvu inayotikisa mabati. Kiongozi anayeitia Haleluya katikati ya Kwaresma kwa kusahau ameuiba mlipuko ule.

Jumanne hadi Alhamisi: mahubiri

Soma somo kwa sauti mara kadhaa kabla ya kugusa kitabu chochote cha ufafanuzi. Jiulize: nani anasema, anamwambia nani, nini kimetokea kabla yake na nini kinafuata? Kisha uliza swali la Kilutheri: hapa Sheria iko wapi, na Injili iko wapi? Sheria ni lile neno linalonifunua nilivyo na kuniacha sina pa kujificha. Injili ni lile ambalo Mungu amefanya kwa ajili yangu katika Kristo, bila mchango wangu.

Tuchukue Marko 10:46-52, kipofu Bartimayo kando ya njia ya Yeriko. Mhubiri mwenye haraka atasema: "Bartimayo alipaza sauti, na wewe paza sauti, utapokea." Hayo ni mahubiri ya Sheria tu, maana mzigo wote umeachwa mabegani mwa msikilizaji, na yule aliyepaza sauti miaka kumi juu ya ugonjwa wake anatoka kanisani ameinama kuliko alivyoingia. Soma tena. Sheria imo katika ule umati: "Na wengi wakamkemea ili anyamaze." Hao ni wafuasi wa Yesu, wako kwenye maandamano yake, na wanamzuia mhitaji asimfikie. Usharika wetu umemnyamazisha nani? Yule binti aliyepata mimba? Kijana aliyelewa kwenye msiba? Injili nayo iko katika maneno mawili ambayo mtu huyapita bila kuyaona: "Yesu akasimama." Yuko njiani kwenda Yerusalemu kufa, na sauti ya ombaomba mmoja inamsimamisha. Hubiri hapo. Halafu waonyeshe watu kwamba kilio cha Bartimayo, "unirehemu", ndicho walichokiimba wenyewe nusu saa iliyopita kwenye toba. Hapo liturgia na mahubiri vimeshikana mikono.

Andika mahubiri yako yote, hata kama utayatoa bila kusoma. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Mhubiri wa dakika 50 mara nyingi ni yule ambaye hakuandika, kwa hiyo hajui amalizie wapi, na anazunguka uwanja akitafuta pa kutua. Sema jambo moja. Epuka mifano inayomtambulisha mtu wa mtaa, hata kwa sifa.

Alhamisi: nyimbo na kwaya

Chagua nyimbo kutoka kitabu cha kanisa, Mwimbieni Bwana au Tumwabudu Mungu Wetu, kufuatana na kinachotumika kwenu. Unahitaji wimbo wa kuingia, wimbo kabla ya mahubiri, wimbo wa kuitikia baada ya mahubiri, na wa kufunga. Kama kuna Meza ya Bwana ongeza mitatu au minne ya kuimba watu wanapokuja mezani. Wa kuingia uwe unaojulikana na wote. Kama unataka kufundisha wimbo mgeni, uweke mahali pa wimbo kabla ya mahubiri na umwombe mwalimu wa kwaya awatangulie watu kwa ubeti wa kwanza.

Usidhani liturgia ya kale inadai tuni za Ulaya pekee. Wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" uliandikwa miaka ya 1960 na Bernard Kyamanywa, Mhaya aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia cha Makumira, na leo unaimbwa na Walutheri wa Ujerumani na Marekani katika lugha zao. Kilichotoka Kagera kimekuwa mali ya kanisa la dunia kwa sababu kina uzito wa maandiko na mahali pake katika mwaka wa kanisa. Kipimo cha wimbo kiwe hicho.

Sasa kwaya. Zungumza na walimu wa kwaya mapema, na uwape namba: kila kwaya wimbo mmoja, dakika tano, ukiendana na somo la siku. Wape somo lenyewe, siyo tu wazo kuu. Usharika wenye kwaya kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya uinjilisti na matarumbeta unaweza kumaliza saa nzima kwa nyimbo za kusikiliza huku usharika wenyewe umeimba beti nne tu. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Kwaya ya kwanza ya kanisa ni watu walio kwenye mabenchi, na kazi ya kwaya nyingine zote ni kuwasaidia hao waimbe. Waombe wanakwaya waongoze majibu ya liturgia kwa sauti nne. Utaona kanisa linavyobadilika.

Ijumaa: kuandika sala

Sala ya siku, ile fupi inayofunga sehemu ya kwanza ya ibada, mara nyingi imeshaandikwa. Isipokuwepo, iandike mwenyewe, ina sehemu tano: unamwita Mungu, unataja tendo lake, unaomba jambo moja, unasema kwa kusudi gani, unamaliza kwa jina la Yesu. Kwa somo letu la Bartimayo inaweza kuwa hivi:

"Ee Mungu mwenye rehema, uliyemsikia kipofu akilia kando ya njia: utusikie na sisi tunaokulilia, utufumbue macho tuione njia yako, ili tumfuate Mwanao hata pale njia inapopanda kwenda msalabani, kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aishiye na kutawala pamoja nawe na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, hata milele. Amina."

Angalia kwamba ombi ni moja tu. Ukianza kuorodhesha, umeingia kwenye sala ya kanisa, ambayo ina mahali pake.

Sala ya kanisa ndiyo maombezi kwa ajili ya dunia nzima. Paulo anaagiza katika 1 Timotheo 2 kwamba waombewe watu wote, na wafalme na wote wenye mamlaka. Panga hivi: kanisa duniani na dayosisi yenu, nchi na viongozi, mvua na mashamba, wagonjwa, wafiwa, walio safarini, watoto walio kwenye mitihani. Kila ombi liwe na sentensi mbili au tatu na liishie kwenye maneno ambayo watu wanayajibu pamoja: "Ee Bwana, usikie kuomba kwetu." Mgonjwa usimtaje kwa jina wala kwa ugonjwa wake kabla ya kupata ridhaa yake au ya jamaa zake. Na usihubiri mara ya pili ndani ya sala. Mungu ameshasikia mahubiri yako.

Jumamosi: kanisa lenyewe

Nenda kanisani jioni pamoja na mzee wa zamu. Angalieni vitambaa vya rangi ya siku, mishumaa na kiberiti, Biblia ya mimbarini ikiwa imewekewa alama kwenye masomo, ubao wa namba za nyimbo, vikapu vya sadaka, na maji kwenye kisima cha ubatizo kama kuna mtoto wa kubatizwa. Jaribuni vipaza sauti, lakini ujizoeze pia kusoma bila hivyo, maana umeme ukikatika ibada haiwezi kusimama.

Wasomaji wa masomo wajulishwe leo, wasikamatwe mlangoni kesho asubuhi. Msikilize kila mmoja akisoma mara moja. Majina kama Kapernaumu na Mefiboshethi yanahitaji kutamkwa mapema.

Fanya mazoezi ya kuimba sehemu zako. Kosa la waanzaji wengi ni kuanza juu mno: kiongozi ana sauti nyembamba, anaanza mahali panapomfaa yeye, na wanaume wote wanakaa kimya. Mpigaji kinanda akupe sauti ya kuanzia. Kama hakuna kinanda, mwombe mwanakwaya mwenye sikio zuri akupe kwa chini. Huwezi kuimba kabisa? Sema maneno kwa utulivu na uwaache watu waimbe majibu. Liturgia iliyosemwa vizuri ina heshima kuliko iliyoimbwa kwa kuyumba.

Jumapili: hatua kwa hatua

Fika dakika 45 kabla. Kutana na mzee wa zamu, wasomaji na mwakilishi wa kila kwaya, pitieni utaratibu, mwombe pamoja. Vaa vazi ambalo dayosisi yako imekuruhusu kwa nafasi yako, lililopigwa pasi.

Kanuni moja ya mwili itakusaidia kuliko maelezo mengi: unapozungumza na Mungu kwa niaba ya watu, geukia madhabahu, unapozungumza na watu kwa niaba ya Mungu, wageukie wao. Toba na sala unageukia madhabahu, msamaha, masomo, mahubiri na baraka unageukia watu. Geuka taratibu, simama, kisha ndipo useme. Mahali ambapo madhabahu imesogezwa mbele na kiongozi husimama nyuma yake, fuata desturi ya pale.

Anza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Salamu ndefu ya "Bwana Yesu asifiwe" yenye majibu mara tano na habari za asubuhi iweke kwenye matangazo. Watu wameshasimama mbele za Mungu, wape jina lake kwanza.

Toba ndiyo mahali ninapoomba usiharakishe kabisa. Baada ya kuwaalika watu kuungama, nyamaza. Hesabu polepole moyoni hadi kumi na tano. Mwanzoni utaona ni muda mrefu, watoto watakohoa, mtu atafikiri umesahau. Vumilia. Kuna watu hapo ndani ambao ukimya huo ndio nafasi yao pekee ya juma zima kuzungumza na Mungu juu ya jambo wasiloweza kumwambia mtu. Kisha ungamo, kisha "Bwana utuhurumie", kisha msamaha. Kama hujabarikiwa kuwa mchungaji, tumia maneno ambayo kitabu kimekupa, au soma ahadi yenyewe kutoka 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Lisome kwa sauti thabiti, ukiwatazama. Mtu amekuja kusikia hilo.

Utukufu huimbwa kwa nguvu mara moja, bila maelezo katikati. Sala ya siku inafuata. Masomo yatangazwe kwa kitabu, sura na mstari, halafu msomaji asubiri kurasa zitulie. Kwa Injili watu husimama. Imani ya Mitume husemwa na wote pamoja. Ya Nikea hutumika siku kuu, na mahali ilikosahaulika ningependa irudi, angalau Krismasi na siku ya Utatu.

Matangazo yana tabia ya kuvimba. Yaandikwe, yasomwe na mtu mmoja, yaishe ndani ya dakika saba. Michango ya ujenzi, ripoti ya jumuiya zilizofanya vizuri, wageni kujitambulisha, yote yana umuhimu wake. Lakini yakichukua dakika 40 halafu sala ya kanisa ikakatwa "kwa sababu ya muda", tumewaambia watu bila kutamka kipi ni kikubwa. Ongea na baraza la wazee juu ya hili kabla, kwa heshima na faragha. Usilumbane nao Jumapili.

Sadaka hutolewa watu wakiimba, kisha huombewa madhabahuni. Mazao, mayai na kuku vipokelewe kwa heshima ile ile ya bahasha, maana mjane aliyeleta mkungu wa ndizi amebeba mbali. Mnada wa vitu hivyo ufanyike nje baada ya baraka.

Baada ya sala ya kanisa na Sala ya Bwana, ibada isiyo na Meza huishia kwenye baraka ya Haruni, Hesabu 6:24-26. Kwa desturi ya zamani ya Kilutheri asiye mchungaji huomba baraka pamoja na watu, "Bwana atubariki na kutulinda", na mchungaji huwawekea watu, "Bwana akubariki na kukulinda". Muulize mchungaji kiongozi wako anataka ufanyeje. Vyovyote iwavyo, yaseme maneno yote bila kuongeza yako. Miaka elfu na zaidi yametosha.

Siku ya Meza ya Bwana

Kifungu cha 14 cha Ungamo la Augsburg kinasema mtu asifundishe hadharani kanisani wala kutoa sakramenti pasipo kuitwa ipasavyo. Kwa hiyo kama hujabarikiwa, kazi yako hapa ni kuandaa na kusaidia. Fanya kazi hiyo kama mtu anayejua anachokiandaa. Weka kitambaa cheupe, kikombe, sahani ya mkate, divai ya kutosha, na kitambaa cha kupangusia. Keti na mzee wa zamu mkadirie idadi, mchungaji asiishiwe katikati.

Mchungaji ataanza na mwito wa kuinua mioyo, ataimba shukrani, usharika utaimba "Mtakatifu", kisha maneno ya Bwana usiku ule aliotolewa. Kisha "Mwanakondoo wa Mungu". Waelekeze watu waje kwa mstari, wazee na wagonjwa wapelekewe walipo. Kilichobaki baada ya ushirika hakimwagwi ovyo wala hakichezewi na watoto nyuma ya kanisa: kiliwe na kunywewa kwa heshima, au kitunzwe jinsi mchungaji anavyoelekeza. Tunaungama kwamba Kristo mwenyewe yumo kweli ndani ya mkate na divai. Mikono yetu iseme vivyo hivyo.

Kuna sakramenti moja ambayo Mkristo yeyote anaweza kuitoa kwa dharura, nayo ni ubatizo. Mtoto mchanga yuko hatarini wodini na mchungaji yuko mbali: chukua maji safi, mmiminie kichwani mara tatu ukisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Ombeni Sala ya Bwana. Mtaarifu mchungaji mapema iwezekanavyo ili aandikwe kwenye kitabu cha ubatizo. Hatabatizwa tena; akipona ataletwa kanisani kushukuru na kupokelewa.

Baada ya baraka

Simama mlangoni umsalimie kila mtu. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili, iandikwe, isainiwe. Wewe kiongozi usiiguse. Jaza daftari la ibada: tarehe, Siku ya Bwana, somo lililohubiriwa, idadi ya wanaume, wanawake na watoto, waliobatizwa, washiriki wa Meza. Daftari hilo ndilo litakalomsaidia mwenzako mwakani asihubiri ulichohubiri. Kisha nenda kwa wale uliowakosa kwenye mabenchi, hasa wagonjwa, na umpe mchungaji majina ya wanaohitaji kupelekewa Chakula cha Bwana nyumbani.

Ukitaka kuendelea hadi uchungaji

Watu wengi wanaoongoza liturgia kwa uaminifu huanza kusikia swali moyoni. Hatua ya kwanza ni kumwambia mchungaji wako, siyo kutafuta fomu ya chuo. Katika KKKT mtu hajitumi: baraza la wazee la usharika humpendekeza, jimbo hupitia, na dayosisi ndiyo huamua na kumtuma. Watakuangalia ulivyotumika mtaani, ndoa yako ilivyo kama umeoa au umeolewa, madeni yako, na kama unaweza kukaa chini ya mwenzako. Wanawake nao hupita njia hiyo hiyo. Wamekuwa wakibarikiwa kuwa wachungaji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Wengi huanzia vyuo vya Biblia kama Mwika kule Kilimanjaro, Kidugala kusini, au Ruhija mkoani Kagera, ambako wainjilisti wameandaliwa kwa vizazi. Elimu ya theolojia ya juu imeota mizizi Makumira, karibu na Usa River kati ya Arusha na Moshi. Chuo hicho kilianzia Lwandai huko Usambara mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954. Kwa Walutheri wa Kenya kuna chuo cha Matongo. Utasoma Agano la Kale na Jipya, historia ya kanisa, mafundisho ya imani, maadili, uchungaji wa roho, mahubiri na liturgia, pamoja na Kigiriki na Kiebrania. Ukimaliza utapelekwa usharikani kwa kipindi cha mafunzo chini ya mchungaji mzoefu, na dayosisi ikiridhika utabarikiwa kwa kuwekewa mikono na askofu.

Miezi ya kusubiri majibu usiipoteze. Ijue Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 kwa moyo, pamoja na maelezo yake, kwa sababu utaulizwa. Soma Biblia yote angalau mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiandika maswali pembeni. Jifunze kusoma nota, hata kidogo. Na zile herufi za Kigiriki, alfa hadi omega, ziandike kila jioni mpaka mkono uzizoee, maana muhula wa kwanza walimu huanza na sarufi mara moja na hawamsubiri anayehangaika bado na herufi.